Swali la Ndagala Lenye Jina Lako

Mpendwa wifi yangu Ashura,

Amahoro. Mmeamkaje huko Kigoma? Mtoto hajambo? Mguu wa kaka yangu umepona, au bado anautumia kama kisingizio cha kutochota maji? Mama yako huku Magara ni mzima. Anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kugombana na wanunuzi haijapungua hata chembe. Mimi pia ni mzima. Kibanda changu cha fotokopi kipo palepale karibu na soko la Rumonge, na umeme unakatika vilevile. Salamu hizi ndefu nimeziandika kwa makusudi, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kuzifuta.

Unajua naongelea nini. Na unajua kwa nini nakuandikia mbele za watu. Nikikuuliza habari za mvua kwenye simu, unajibu. Nikiuliza mtoto ameota meno mangapi, unanitumia picha. Nikigusa tu habari za ule ukurasa wetu wa mtandaoni wa samaki, unanitumia kikaragosi kinachocheka, halafu kimya mpaka kesho yake, unaponiuliza kama mawese ya Kizuka yameanza kushuka sokoni. Basi nimeamua barua hii isomwe na kila mtu, nione safari hii utamcheka nani.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mlikuja wewe na kaka yangu Yusufu kupiga fotokopi za vitambulisho, siku zile mnajiandaa kufunga ndoa. Mimi nilikuwa najifunza kutengeneza programu kwa video za kwenye simu, mchana wateja wanapopungua. Kwenye skrini nilikuwa nimeandika neno Rumonge, ukilibonyeza linageuka kutoka rangi ya bluu kuwa nyekundu. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya wiki nzima, na sikuwa nimemwonyesha mtu kwa aibu. Wewe uliiona, ukaibonyeza, ukaibonyeza tena, ukamsahau mchumba wako amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

“Ni wewe uliiambia ifanye hivi?” uliniuliza.

“Ni mimi.”

“Na inakusikia?”

“Siku nyingine.”

“Basi iko muzuri kupita ndugu yako.”

Nilikupenda papo hapo. Mawifi wengi wanaanza kwa kupimana. Sisi tulianza kwa kumcheka Yusufu, na nadhani ndiyo sababu hatujawahi kukosa la kuongea.

Baada ya harusi ukawa unakuja kila alasiri, ukishamaliza kuuza samaki na mama yako. Nilikuwa nakunawisha mikono kwa sabuni mara mbili kabla hujagusa kibodi, na bado yule mwalimu wa shule ya msingi alilalamika kwamba karatasi zake za mtihani zinanuka ndagala. Wewe ukamjibu bila kugeuka, “Hiyo harufu ni ya bure, mwalimu, hatukuongezei bei.” Alicheka mpaka akasahau kulalamika. Hata sasa, ikinyesha mvua na kibanda kikipata unyevu, ile kibodi inatoa harufu yako.

Wazo la ukurasa lilikuwa lako, na nataka wanaosoma barua hii walijue hilo. Siku ile ulifika kibandani umekasirika, hata hukusalimia. Mama mmoja mjamzito alikuwa ameshuka kutoka milimani kwa miguu tangu alfajiri, kikapu kichwani, kuja kununua ndagala, hivi visamaki vidogo ambavyo Watanzania wanaviita dagaa. Akakuta vichanja vya kuanikia vitupu. Ilikuwa mojawapo ya siku ambazo wavuvi hawaendi ziwani, wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Alivua kandambili, akakaa mchangani, akacheka peke yake, kile kicheko cha mtu asiyetaka kulia mbele ya wageni. Ulimpa chakula chako cha mchana chote. Kisha ukapanda gari la kuja Rumonge na njaa yako.

“Neema,” ulisema, “mashine yako inajua kugeuza rangi. Haiwezi kusema tu kama samaki iko ao haiko?”

Nikasema inaweza. Sikuwa na uhakika hata kidogo, lakini uso wako siku ile haukuwa wa kukatalia.

Ukanitajia tarehe ambazo wavuvi wanapumzika, nami nikaziandika ndani ya msimbo, yaani yale maagizo ambayo mashine inayafuata. Ikifika kati ya tarehe hizi, ukurasa uwe mwekundu na uandike HAIKO. Zikipita, uwe wa bluu na uandike IKO. Hakukuwa na kitu kingine. Watu wa milimani wenye simu wakaanza kuufungua kabla ya kushuka, na wasio na simu wakawa wanawauliza wenye simu. Yule mama alirudi siku ya IKO, sasa akiwa na mtoto mgongoni, akajaza kikapu chake na kukuita kwa jina. Ulinisimulia habari hiyo mara nyingi sana, na kila mara kikapu kilikuwa kimeongezeka ukubwa.

Kisha ukurasa ukaanza kutuaibisha. Katika mwezi wake wa pili ulikosea kidogo tu, tukasema wavuvi wenyewe ni wavivu. Mwezi wa tatu ukazidi. Mvua zilipoanza, ulikuwa unaandika IKO siku ambayo mitumbwi yote imelala mchangani, na HAIKO siku ambayo mama yako hana hata pa kuanikia kwa wingi wa samaki. Sokoni wakaanza kusema kwamba mashine ya fotokopi imejifunza uongo. Tulilaumu saa ya kompyuta, kwa sababu ni kweli umeme ukikatika ile kompyuta inapoteza tarehe. Nikairekebisha saa, uongo ukabaki. Niliusoma msimbo mstari kwa mstari na kidole kwenye skrini, wewe ukiwa umeegemea bega langu, na kila mstari ulikuwa unafanya vile vile tulivyouambia.

Ndipo tukaenda kuuliza kwenye jukwaa la watengeneza programu, kule mtandaoni ambako mtu aliyekwama anaweka swali lake na wenzake wa dunia nzima wanamjibu. Ulisema liwekwe kwa jina lako, kwa kuwa aibu ya sokoni ulikuwa unaibeba wewe. Neno la siri ulilichagua mwenyewe ukiwa umefunika kibodi kwa kanga, na mpaka leo silijui, ingawa nashuku ni jina la kaka yangu.

Tuliandika kama tulivyolelewa. Mtu akienda kwa jirani kuomba, haanzi na ombi. Tukawasalimia, tukawauliza kama wameamka vizuri na familia zao. Tukajieleza kwamba sisi ni mawifi wawili kutoka Rumonge, mmoja wa fotokopi, mmoja wa samaki. Tukaomba radhi kwa kuwasumbua katika kazi zao. Mwisho kabisa tukasema ukurasa wetu zamani ulisema kweli na sasa unasema uongo, na tukauliza kama tarehe zimeharibika. Tukaweka msimbo, tukamalizia na murakoze kubwa, ile asante ya kwetu. Simu ikatusaidia kugeuza yote kuwa Kiingereza. Kisha ukaenda kununua maandazi, tuje kusoma majibu tukiwa tunakula.

Uliporudi, salamu hazikuwepo. Mtu alikuwa amezifuta. Mwingine alikuwa amefuta radhi, na murakoze nayo ilikuwa imeondoka. Lilikuwa limebaki swali lililokonda, likiwa na mistari mitatu na msimbo. Chini yake mmoja aliandika kwamba msimbo unafanya kazi sawasawa, haoni kosa. Wa pili akauliza tulitegemea nini kitokee. Tukajibu kwamba tulitegemea useme kweli. Wa tatu akaandika kuwa hakuna programu duniani inayoweza kujua kama ziwani kuna samaki, akaweka kikaragosi kinachocheka. Muda si muda swali likafungwa. Waliandika kwamba halina maelezo ya kutosha.

Kilichokuuma hakikuwa kile kicheko, naujua uso wako. Kilichokuuma ni murakoze.

“Batu wanafuta murakoze ya mutu?” ulisema. “Ni kama umutolee mugeni maji, anayamwaga mbele yako.”

Ulifunga maandazi kwenye karatasi, ukaniachia yote. Kabla mvua hazijaisha, Yusufu akapata kazi ya kuunda mitumbwi huko Kigoma, nanyi mkahama. Pale bandarini niliposema tutaendelea kwa simu, uliniambia kwa upole, na upole wako ndio ulionitisha, “Wifi, hiyo mambo iko ya batu bengine. Sisi tukauze samaki.”

Sasa nikueleze kilichotokea baada yako.

Niliendelea kuingia jukwaani, siyo kuuliza, kusoma tu. Nilisoma maswali ya watu wengine kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Nikaona salamu za kila mtu zinafutwa, za Wahindi, za Wabrazili, hata za Mfaransa mmoja aliyeanza na maneno mazuri kama barua ya posa. Mwanzoni nilifurahi kwamba hatukuonewa peke yetu. Halafu nikaikumbuka siku uliyonipeleka Magara kwa mara ya kwanza, nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Unaikumbuka? Mimi nilikulia mbali na ziwa, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi waliporudi nchini nilikuwa msichana mkubwa, na ufuoni nilikuwa mgeni kuliko wageni. Asubuhi ile mitumbwi ilipogusa mchanga, mimi nikamwendea mvuvi, nikamshika mkono, nikamuuliza ameamkaje, mama mtoto hajambo, ziwa lilikuwaje. Alikuwa ananijibu kwa adabu huku macho yake yanatangatanga. Wewe wakati huo ulikuwa ndani ya maji mpaka magotini, umeinua kikapu, unapiga kelele ya kiasi unachotaka, na ulimsukuma mama yako mzazi kwa kiwiko bila hata kumwangalia. Nilipomaliza kusalimia, samaki walikuwa wamekwisha. Ulinijia umelowa, unacheka.

“Hapa mbele iko kikapu,” ulisema. “Salamu iko nyuma, tukikaa.”

Na kweli, mlipokaa kuanika, mlisalimiana mpaka jua likapanda. Ulimuuliza yule mvuvi habari za mgonjwa wake, ukampa pole, ukamtumia chai. Ashura, wale watu wa jukwaani wako ndani ya maji mpaka magotini. Mitumbwi haiishi kuja. Hawakutumwagia maji yetu. Walikuwa wanatuuliza kikapu kiko wapi. Hilo wewe ungelijua kabla yangu, kama usingekuwa umeumia.

Lakini kikapu chenyewe pia kilikuwa kitupu. Hilo nililijua kwa mama yako. Nilimfuata Magara nikamweleza habari yote ya swali lililofungwa. Alisikiliza huku akigeuza ndagala juani, kisha akaniuliza swali moja.

“Muliwaambia kama mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki?”

“Hapana, mama.”

“Mbona?”

“Kwa sababu kila mtu anajua.”

“Na kule wanajua?”

“Kule hata ndagala hawaijui.”

Aliacha kugeuza. Alinitazama kama nimemwambia kuna nchi ambayo watu hawana kinywa. “Masikini,” alisema, na alimaanisha.

Hata wewe unayesoma barua hii ukiwa mbali na ziwa hili, angalia: nimekwisha kukusimulia habari za siku ambazo wavuvi wanapumzika, na sikukwambia wanapumzika kwa nini. Nimerudia kosa lilelile. Wavuvi wetu wanavua gizani, wanawasha taa, ndagala wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu, maji yote yanang’aa, taa inakuwa bure, watu wanakaa nchi kavu. Kwa hiyo Ashura alinitajia tarehe za mbalamwezi ya wakati ule, na alidhani mbalamwezi yenyewe nimeshaitia ndani ya mashine. Mimi nikaziandika kana kwamba ni za milele, kwa kuwa makazini kwetu mbalamwezi ilikuwa taa ya kuchezea, hatukuihesabu. Tulikaa bega kwa bega miezi yote ile, na hakuna aliyemwambia mwenzake jambo ambalo halisemwi. Wageni wa jukwaani tungewaambiaje?

Nikarudi kibandani. Kule jukwaani mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza masahihisho kwenye swali la mwingine, na wakubwa wa pale wakiridhika, yanapita. Ndiyo njia waliyoitumia kufuta salamu zetu. Nikapita humohumo. Kwa jina langu nikalijaza swali lako: jinsi samaki wanavyovuliwa, kwa nini wavuvi wanapumzika, ukurasa ulipaswa kuandika nini na uliandika nini. Sikuweka salamu hata moja. Mkono uliniwasha, lakini sikuweka.

Kesho yake swali likafunguliwa. Akaja mtu mmoja asiyejulikana hata ni wa nchi gani, picha yake ni ya paka. Akaandika kwa furaha iliyoonekana: tarehe zenu zinahama! Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni kama siku ishirini na tisa na nusu, na kalenda haiendi hivyo, ndiyo maana kosa lilikuwa linaongezeka polepole. Akaonyesha mistari michache ya kuanzia kwenye mwezi mpevu mmoja unaojulikana na kuhesabu mbele. Hakuifanya kazi yote. Sehemu nyingine aliniachia, na ilinitoa jasho alasiri kadhaa.

Na chini kabisa, baada ya msimbo, akaandika: “Hao samaki wanaitwaje? Na mnawalaje?”

Nilisimama nikatoka nje ya kibanda kidogo. Ile ilikuwa salamu, wifi. Ilikuja nyuma, kama Magara.

Ukurasa wetu sasa unasema kweli. Nimeupima mbalamwezi baada ya mbalamwezi, na mama yako, asiyeamini kitu bila kukishika, anamtuma mtu kuniuliza “ile rangi leo iko gani” hata siku ambazo anaona mitumbwi kwa macho yake. Kuna wanawake wa Nyanza-Lac wameusikia, wanataka na wao wawekewe ufuo wao. Wananiuliza mambo ya upepo, ya mawimbi, ya samaki wakubwa, na mimi natabasamu kama mgonjwa kwa sababu sijui. Najua msimbo kidogo. Ziwa unalijua wewe. Na huko uliko ni maji yaleyale, taa zilezile, na nina hakika na huko yuko mama mmoja anayetembea na kikapu kwenda kwenye vichanja vitupu.

Juzi jukwaani kulitokea swali la mtu anayeanza. Lilikuwa na salamu ndefu mno, aliulizia hata afya ya wazee wetu. Niliwahi kulifikia kabla ya wafutaji. Nikamwandikia kwamba wazee hawajambo, asante, sasa aniambie alitegemea nini na kimetokea nini. Akanieleza. Nilijua jibu. Hebu fikiri, Ashura, mimi wa fotokopi, nilijua jibu la mtu mwingine.

Basi nikuulize na wewe kwa mtindo wa kule, ulio wazi. Nilichotegemea: wifi yangu tufanye kazi hii pamoja. Kilichotokea: aliondoka akidhani hii kazi ni ya watu wengine. Nilichojaribu: kumwita kwa simu, kumtania, kumnyamazia, na sasa kumwandikia hadharani. Nimekwama hapo.

Jambo moja tu limebaki, na siwezi kulifanya kwa niaba yako. Jibu likimfaa aliyeuliza, kuna alama ya kijani ya kubonyeza, na aliyeuliza tu ndiye anayeweza. Swali bado lina jina lako. Yule mtu wa paka hakujua kama mimi nipo, chini ya jibu lake ameandika, “Ashura, imekubali?” Hakuna aliyemjibu. Mimi ningeweza, lakini hakuniuliza mimi.

Ingia, bonyeza, mwambie hao samaki wanaitwaje na tunawalaje. Kisha mwandikie murakoze. Wacha waje waifute, atakuwa ameshaisoma.

Nakuaga kwa mapenzi, na mkono wenye harufu ya ile kibodi yetu.

Wifi yako wa fotokopi,
Neema